Meno ya kahawia si lazima yawe yameoza

Kama umekulia Njoro, Gilgil au mitaa ya Nakuru, utani huu unaujua: mtu anakutazama mdomoni kisha anauliza mara ya mwisho ulipiga mswaki lini. Ukienda chuo Nairobi ndio unazidi. Wengi wetu tumezoea kucheka tukifunika mdomo kwa mkono.

Rangi hiyo si uchafu, wala si kuoza. Ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachilia kwenye maji ya visima, na mtoto akiyanywa kabla ya miaka 8 hivi, meno yake ya utu uzima yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, huota na madoa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita; visima vingi vya huku hupita hapo. Na usidanganywe eti uchemshe. Maji ndiyo hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki. Afadhali chujio za mkaa wa mifupa, kama zile zilizotengenezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru.

Balaa ni kwamba jino lenye madoa pia huweza kuoza, na wewe usijue kwa sababu rangi inafanana. Kuna taa ya kusaidia, ingawa si kila kliniki inayo. Daktari akimulika kwa mwanga wa samawati, jino lenye afya hung'aa kijani. Sehemu iliyoanza kupoteza madini huonekana nyeusi, hata kabla shimo halijatokea. Walikojikita bakteria hung'aa nyekundu. Hakuna maumivu, hakuna eksirei.

Ila kwetu taa hiyo hudanganyika. Doa la floraidi nalo lina upungufu wa madini, basi nalo huonekana jeusi! Ukiambiwa una meno sita mabovu kwa sababu tu mashine imesema, usikubali kutobolewa hapo hapo. Uliza: "Daktari, hii ni floraidi ama limeoza?" Akaushe jino, aangalie kwa macho. Madoa ya floraidi kwa kawaida hulingana kushoto na kulia. Kuoza hupenda pale chakula kinapokwama.

Na likiwa limeanza kuoza lakini halina shimo, mara nyingi linazuilika kwa dawa ya meno yenye floraidi. Naam, ile ile, ikiwa kidogo na ikipakwa juu ya jino.