Msanii Mdogo na Mzigo wa Bohari

Na Mwandishi Wetu

Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru, hakuwa na karakana. Alipoanza kuchora picha za kuuza jijini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, vifaa vyake vilikuwa hadibodi, yaani ule ubao mwembamba wa kupigia dari, brashi chache, na makopo ya rangi ya mafuta, ileile ipakwayo milango na baiskeli. Hadibodi nzima ina upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Ikikatwa futi 2 kila upande hutoa vibao 8, wala hakibaki kipande cha kutupa. Kibao kilipakwa rangi moja ya chini, na juu yake akachorwa mnyama au ndege, mara nyingi akiwa peke yake. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, na mkewe alishiriki katika kuziuza.

Kazi hiyo ilidumu miaka 4 tu. Mwaka 1972 msanii huyo aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Hata hivyo, wafuasi wachache aliokuwa amewafundisha waliendelea na kazi, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji unaobeba jina lake. Jambo moja lililorahisisha urithi huo ni dhahiri: kijana aliyetaka kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. Alihitaji kibao, makopo machache ya rangi, na mwalimu.

Siku hizi linavuma sana fundisho kutoka nchi tajiri lisemalo kwamba mtu apunguze vitu alivyo navyo ili aishi kwa wepesi. Kwa mfanyakazi wa Manzese au Temeke maneno hayo huenda yakachekesha, maana kabati lake halijapata kujaa. Lakini mwananchi huyohuyo akianzisha kazi ya sanaa nyumbani, iwe batiki, ushonaji, shanga au uchoraji, mara nyingi huwa na vitu vingi kupita kiasi, na fedha ya familia hulala ndani ya vitu hivyo.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtaji wa shilingi 400,000 anayetengeneza batiki. Kwa hofu ya kumpoteza mteja, ananunua rangi za aina 10 na kutengeneza nakshi 12. Baada ya miezi miwili nakshi 3 zimekwisha, na vitambaa vya nakshi 9 vimo sandukuni. Ukimwuliza atasema kwamba mali anayo. Ni kweli anayo, lakini karo ya shule hailipwi kwa vitambaa.

Hasara nyingine imo ndani ya beseni. Rangi nyingi za batiki, zikishachanganywa na kostiki na dawa nyingine za kuziyeyusha, hupoteza nguvu baada ya muda mfupi, na haziwezi kuhifadhiwa hadi kesho. Kila rangi inadai beseni lake. Anayetumia rangi 10 kwa vitambaa vichache humwaga mara 10 kile alichokinunua kwa fedha. Anayetumia rangi 3 hutia vitambaa vingi katika beseni moja mpaka nguvu ya dawa iishe. Isitoshe, kostiki huunguza ngozi na macho. Katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo watoto hulala pembeni mwa madumu, kila dumu lisilonunuliwa ni hatari iliyopungua.

Wapo watakaopinga kwamba mteja hupenda kuchagua. Hilo halina ubishi, ila kuchagua si lazima kufanyike katika vitambaa vizima. Vipande vidogo vya mfano, kimoja kwa kila nakshi, huweza kushonwa pamoja kama kitabu; mteja akachagua, akalipa nusu ya bei, na kazi ikaanza kwa fedha yake mwenyewe. Mafundi cherehani wetu wamefanya hivyo miaka mingi kwa kumwachia mteja alete kitambaa chake, na sijui kwa nini wasanii wengine wamechelewa kuwaiga.

Lakini upungufu huu una mipaka. Baadhi ya wachoraji waliofuata nyayo za Tingatinga walipunguza hata fikira: chui yuleyule, tembo yuleyule, yakarudiwa hata mtalii akashindwa kutofautisha mkono wa mchoraji mmoja na wa mwingine. Mahali penye picha mia zinazofanana, muuzaji hana nguvu ya kutetea bei. Kinachofaa kupunguzwa ni kile kinacholala rafuni. Muda wa kubuni, ubora wa kitambaa na ujira wa msaidizi havimo katika hesabu hiyo. Nalisema hili la msaidizi kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kukatwa, hasa akiwa binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye hulipwa chakula na ahadi.

Kwa anayetaka kuanza, daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kila kitu kinachouzwa kiandikwe siku hiyohiyo: nakshi, bei, na fedha iliyotumika kukitengeneza. Mwezi ukiisha, mume na mke wakae pamoja na kulisoma, kwa kuwa mtaji ni wa nyumba nzima. Nakshi ambayo haikutoka isitengenezwe mwezi unaofuata, na vitambaa vyake viuzwe hata kwa bei ya gharama, ili fedha itoke sandukuni. Kabla ya Idi na Krismasi hesabu hubadilika, kwani wateja huja wengi kwa mara moja. Hapo ndipo inapofaa kuweka akiba ya bidhaa, lakini iwe ya zile nakshi 3 ambazo daftari limekwisha kuzitaja.