Je, Wajua? Maswali ya Mwenye Shaka Kuhusu Mungu, Kuanzia Nalasi

Je, wajua kwamba Wayao, wenyeji wa Nalasi na vijiji vingi vya Tunduru, walikuwa na jibu la swali la kwanza la mwenye shaka, yaani Mungu yuko wapi? Katika simulizi yao ya kale, Mulungu aliishi hapa hapa duniani pamoja na wanyama, na binadamu hakuwepo. Siku moja kinyonga akatega mgono wake mtoni, na alipokwenda kuutazama akakuta umenasa viumbe wawili ambao hakuwahi kuona mfano wao: mwanamume na mwanamke. Mulungu akasema waachwe wakue. Wakakua, wakapekecha moto, wakachoma pori, wakawaua wanyama na kuwala. Mulungu hakuweza kuustahimili ukatili ule. Akamwendea buibui, buibui akatunga uzi mpaka juu, naye akapanda akaenda zake. Alice Werner aliichapa simulizi hiyo mwaka 1933 katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu. Dini nyingi husema mtu ndiye aliyefukuzwa mbele ya Mungu. Kwa Wayao ni kinyume: Mungu ndiye aliyekimbia, na sababu ni sisi. Sijui simulizi nyingine ya uumbaji inayomlaumu binadamu waziwazi namna hiyo.

Je, wajua kwamba Myao wa zamani hakufunga safari kwa imani tupu? Alimimina unga polepole chini ya mti wa msolo, mahali pa kuwaombea wazee waliotangulia, na unga ule ulitakiwa usimame kama kichuguu chenye ncha. Kisha uliweza kufunikwa chungu usiku kucha. Ukikutwa asubuhi umesimama vilevile, safari ipo. Ukikutwa umebomoka, hakuna safari. Jambo la kutazama hapa ni kwamba jibu la “hapana” liliwezekana, na likitoka liliheshimiwa. Ni maombi mangapi ya siku hizi yanayompa Mungu nafasi ya kusema hapana?

Je, wajua kwamba David Livingstone, mmisionari na daktari aliyefuata bonde la mto Ruvuma mwaka 1866 akielekea kwa chifu Mataka wa Wayao, alikuwa ameshabanwa kwa hoja na mganga wa mvua miaka mingi kabla? Ilikuwa kwa Wakwena, katika nchi inayoitwa sasa Botswana, na Livingstone mwenyewe aliyaandika mazungumzo hayo katika kitabu chake cha 1857. Mganga alimwambia kwamba wote wawili ni waganga. Daktari humpa mgonjwa dawa, Mungu akipenda hupona, asipopenda hufa. Akipona daktari huchukua sifa, akifa daktari haachi kazi. Mbona basi mganga wa mvua aambiwe mwongo mvua inapokataa kunyesha? Livingstone aliichapa hoja hiyo bila kuipunguza makali, na kwa hilo anastahili heshima. Jibu la hoja hiyo lipo, nalo ni kuhesabu: wangapi walipewa dawa wakapona, na wangapi wamepona bila dawa. Lakini hesabu hiyo haina upendeleo. Ukiikubali kwa mganga wa mvua, uikubali pia kwa anayekuuzia mafuta ya upako.

Je, wajua kwamba swali la Mzulu mmoja lilitikisa Kanisa la Uingereza? Wangoni wa Songea wasome hapa kwa makini, maana huyu ni ndugu yao wa mbali. Mababu zao walitoka kusini huko, wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835. Mzulu huyo aliitwa William Ngidi. Alikuwa akimsaidia Askofu John William Colenso wa Natal kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kizulu. Walipofika kwenye gharika, Ngidi akauliza: hivi ni kweli? Wanyama wote, ndege wote, wadudu watambaao, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama?

Colenso hakuwa mtu wa kupuuza hesabu, kwani vitabu vyake vya hesabu vilisomeshwa katika shule za Uingereza. Aliandika kwamba moyo wake ulikataa kumdanganya mtu aliyemwuliza kwa nia njema. Akakaa chini, akapima vipimo na kuhesabu watu na mifugo katika vitabu vitano vya kwanza vya Biblia, na mwaka 1862 akatoa juzuu la kwanza la matokeo yake: hesabu nyingi haziwezi kuwa historia kamili. Mwaka 1863 alishtakiwa kwa uzushi huko Cape Town, akavuliwa uaskofu. Mwaka 1865 baraza la rufaa mjini London likaamua kwamba hukumu ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Colenso hakumwacha Mungu. Alibaki akihubiri hadi kufa kwake mwaka 1883, na Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu, kwa kuwa alisimama upande wao serikali ya kikoloni ilipowaonea. Mimi naona Ngidi anastahili kufundishwa katika kila seminari na kila chuo cha dini Afrika Mashariki. Aliuliza alichokielewa, kwa adabu, akamkuta mkubwa wake yuko tayari kujibu.

Je, wajua lile swali la vijana wa sekondari, kwamba Mungu anaweza kuumba jiwe asiloweza kulinyanyua? Mwanateolojia Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alishaeleza: uwezo wote maana yake ni kuweza kila liwezekanalo, na jambo linalojipinga lenyewe si jambo bali ni maneno tu. Wengine hawaridhiki na jibu hilo. Lakini ni jibu, si fimbo.

Je, wajua kwamba hoja kali kuliko zote dhidi ya Mungu, ile inayouliza kwa nini kuna uovu ikiwa yeye ni mwema na ni muweza, tumeipata kwa mkono wa Mkristo? Inasemwa kuwa ya Epikuro, Mgiriki wa kale, lakini aliyeihifadhi katika maandishi yake ni Lactantius, mwandishi wa Kikristo wa karne ya nne. Angeweza kuinyamazia. Aliinakili kwanza, kisha akaijibu.

Hoja hiyo katika mkoa wa Ruvuma si ya vitabuni. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, alisemekana kupagawa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi na kutoka siku ya pili nguo zake kavu. Akatoa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vya Majimaji vikalipuka Julai 1905, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Habari ya maji ikaendelea kuenea, ikafika Ungoni, na Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi Mputa Gama, walinyongwa Songea, na siku hiyo hukumbukwa mjini humo hadi leo. Wajerumani walikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifika kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa kwa makusudi.

Kabla ya kunyongwa, baadhi ya wale waliohukumiwa walibatizwa na padri Mbenediktini. Walikuwa wameuamini uganga wa maji ukawaangusha, sasa wakapewa maji mengine chini ya kitanzi. Nani anaweza kusema kilichokuwa moyoni mwao? Anayetaka kuwacheka Wangoni kwa kuamini maji akumbuke kwamba katika vita vya dunia vya 1914 askari wa Kijerumani walivaa mikanda yenye maandishi ya kusema Mungu yuko pamoja nao, na walioshindwa ni wao.

Je, wajua kwamba Ebrahim Hussein aliliweka swali hili jukwaani? Tamthilia yake *Kinjeketile* ilitoka mwaka 1969. Kinjeketile wake anaanza kulitilia shaka neno lake mwenyewe, lakini neno limeshamtoka na watu wamelishika. Mwishoni anatakiwa atamke kwamba maji ni uongo, naye anakataa, kwa kuwa anawafikiria watakaozaliwa baadaye. Kwa waliokulia Tanzania, huo ndio mjadala mzito kuliko yote kuhusu imani na ukweli ulioandikwa kwa Kiswahili. Miaka mitano baadaye Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi, akatoa *Kichwamaji*, riwaya ya kijana msomi, Kazimoto, anayesumbuliwa na swali la Mungu na maana ya maisha mpaka anajiua. Wazazi wenye watoto vyuoni waisome, tena wasiisome ili kuwatisha watoto. Kijana mwenye swali zito anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Je, wajua kwamba Imamu Ghazali, ambaye masheikh wetu humtaja kwa heshima kubwa, aliwahi kushikwa na shaka ya kila kitu? Aliandika mwenyewe kwamba kwa karibu miezi miwili hakuamini macho yake wala akili yake. Mwaka 1095 aliacha kazi yake ya ualimu Baghdad, akaondoka kuitafuta yakini. Na Qurani inasimulia kwamba Nabii Ibrahimu alimwomba Mola amwoneshe jinsi anavyofufua wafu, si kwa kukosa imani bali moyo wake upate kutulia. Hakukaripiwa. Aliambiwa achukue ndege wanne.

Je, wajua kwamba Ayubu wa Biblia alimlalamikia Mungu sura baada ya sura, na mwishoni waliokemewa ni marafiki zake waliojifanya mawakili wa Mungu?

Je, wajua ugomvi wa Mbiti na Okot? John Mbiti wa Kenya, kasisi wa Kianglikana, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila jambo, na kwamba Mungu mmoja mkuu anajulikana kote barani. Okot p'Bitek wa Uganda akamjibu katika miaka hiyo hiyo kwamba wasomi wa aina yake wamewavika miungu wa Kiafrika kanzu za Kigiriki, wakawapa sifa ambazo wenyeji hawakuwahi kuzitaja. Naegemea kwa Okot. Mulungu anayekimbia moshi na kupanda uzi wa buibui si yule muweza wa yote wa vitabu vya falsafa, na hakuna sababu ya kumlazimisha awe.

Je, wajua alichosema Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa? Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alisema tunafundishwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye hakubali kumfikiria Mungu aliye maskini, mjinga, mwoga na mnyonge. Kwake, umaskini wa mkulima ulikuwa jambo la kiimani.

Je, wajua kwamba Tanzania haijauliza dini ya mtu katika sensa tangu ile ya 1967? Atakayekutajia asilimia kamili ya Waislamu na Wakristo nchini anakisia. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Kenya wao huuliza: katika sensa ya 2019 watu 755,750 walisema hawana dini. Ni wachache, lakini wapo, na ni watoto wa watu.

Je, wajua bei ya swali lisiloulizwa? Tarehe 17 Machi 2000, Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliungua ndani ya kanisa lililofungwa. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka. Wafu wale hawakupungukiwa imani. Walikosa wa kuwauliza, mapema na kwa upendo: umejuaje kwamba aliyesema ni Mungu?

Na mwisho, je, wajua kwamba ule ujumbe wa simu unaosimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, una umri wa zaidi ya karne? Mtaalamu wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliandika habari zake katika miaka ya 1880, ulipokuwa ukizunguka Indonesia kwa karatasi. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye kutangaza kuwa mwisho wa dunia umekaribia, ilizagaa Lindi na kusini yote, watu wakajaa misikitini na Wajerumani wakahofia Majimaji nyingine. Dunia haikuisha. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliuchambua wasia huo wa Sheikh Ahmad na kuuita uongo mtupu. Hoja yake ni kwamba hata anayenakili Qurani yenyewe hakuahidiwa utajiri kwa kunakili tu, itakuwaje karatasi ya mtu asiyejulikana? Basi ndugu msomaji wa Nalasi, ujumbe huo ukikufikia wenye kukuahidi neema ukiusambaza na msiba ukiupuuza, usiutume kwa mtu. Ufute.