Matengenezo ya Kanisa: Kwa Nini Luther Hakuchomwa Moto?

Watahiniwa wengi wakiulizwa chanzo cha Matengenezo ya Kanisa barani Ulaya huandika kwamba Kanisa lilikuwa na maovu, Martin Luther akayapinga, mabadiliko yakatokea. Jibu hilo lina ukweli, lakini halikufikishi mbali. Maovu yalikuwapo tangu zamani, na waliyoyapinga kabla ya Luther walikuwapo pia.

Mwingereza John Wycliffe, aliyefariki mwaka 1384, alifundisha kwamba Maandiko Matakatifu yana mamlaka kuliko Papa. Jan Hus alihubiri mambo yanayokaribiana na hayo huko Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Hus aliitwa kwenye Mtaguso wa Konstanz akiwa na hati ya usalama mkononi, na bado akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Hata mifupa ya Wycliffe ilifukuliwa na kuchomwa, mwaka 1428. Luther alikuja karne moja baadaye, akasema makali zaidi, na akafia kitandani mwaka 1546. Jiulize: ni nini kilichokuwa kimebadilika?

Anza na fedha. Mwaka 1514 Albrecht, mwana wa ukoo wa kitawala, alipata uaskofu mkuu wa Mainz ilhali tayari alikuwa askofu mkuu wa Magdeburg. Ili aruhusiwe kushika vyeo viwili alilipa Roma fedha nyingi, alizokopa kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Deni lililipwaje? Kwa hati za rehema. Nusu ya mapato ilikwenda kwa Fugger, na nusu kwenye ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma. Hapa uwe makini. Kwa mafundisho rasmi, hati hiyo ilipunguza adhabu ya toharani kwa dhambi zilizokwisha kuungamwa. Haikuuza msamaha wenyewe. Lakini wahubiri kama Johann Tetzel waliinadi kwa namna iliyowafanya watu wa kawaida waamini kwamba wananunua wokovu, wao na marehemu wao. Hilo ndilo lililomkera Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, hata akaandika hoja zake 95 mwezi Oktoba 1517.

Hoja hizo ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Zingeweza kuishia chuoni. Lakini Johannes Gutenberg wa Mainz alikuwa amekwisha kuchapa Biblia kwa herufi za chuma zinazopangwa na kupanguliwa, takriban mwaka 1455, na kufikia wakati wa Luther miji mingi ya Ujerumani ilikuwa na wachapaji waliotafuta kitu cha kuuza. Hoja zilichapwa, zikatafsiriwa kwa Kijerumani, zikaenea. Vitabu vya Hus vilinakiliwa kwa mkono, na kitabu cha mkono ukikikamata na kukichoma umepunguza sana. Kijitabu kilichochapwa utakichoma hapa, kesho kinauzwa mji wa pili. Usidhani kwamba kila mtu alijua kusoma. Walio wengi hawakujua. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza, na vijitabu vilikuwa na michoro ya kumkejeli Papa iliyoeleweka bila herufi hata moja.

Jambo la tatu ni ulinzi, na ndilo watahiniwa wanalolisahau mara nyingi. Mwezi Aprili 1521 Luther alisimama mbele ya Kaisari Charles V mjini Worms akakataa kuyakana maandishi yake. Alipigwa marufuku katika himaya nzima. Friedrich, mtawala wa Saksonia, alimficha katika ngome ya Wartburg, na huko akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Lilitoka Septemba 1522. Kufikia Desemba lilikuwa likichapwa upya. Kaisari naye alikuwa na vita na Ufaransa, na Waturuki waliuzingira mji wa Vienna mwaka 1529, kwa hiyo aliwahitaji watawala walewale waliomlinda mpinzani wake.

Maisha ya watu yalibadilika haraka. Sala na nyimbo ziliingia katika lugha ya wenyeji. Wachungaji walioa, Luther mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, mwaka 1525. Mjini Zürich sanamu ziliondolewa makanisani. Uingereza, Mfalme Henry VIII alijitangaza mkuu wa Kanisa mwaka 1534 kwa sababu ya ndoa yake zaidi ya imani, kisha akazifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540 na kutwaa ardhi zao. Mazoea ya kutafsiri Maandiko yalifika hata pwani yetu: Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianza mapema kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili.

Usiandike, hata hivyo, kwamba Matengenezo yalileta uhuru wa dini. Wakulima wa Ujerumani walisikia habari za uhuru wa Mkristo wakadai wapunguziwe kodi na kazi za lazima. Walipoasi mwaka 1524 na 1525, Luther aliwahimiza watawala wawapige bila huruma, na maelfu kwa maelfu waliuawa. Na Amani ya Augsburg ya mwaka 1555 ilimpa kila mtawala haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri kwa ajili ya jimbo lake. Raia asiyeridhika aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama.

Swali la kujipima: “Bila watawala wa Ujerumani, mashine ya kuchapa isingemwokoa Luther.” Jadili, ukitumia angalau mfano mmoja wa kabla ya mwaka 1500.