Banda la gari bila kibali lawatia hasara wenye nyumba

Nguzo nne za chuma, mabati na siku mbili za fundi wa kuchomelea. Kwa kuwa kazi yenyewe ni ndogo, wenye nyumba wengi jijini Dar es Salaam hujenga banda la gari bila kupita halmashauri. Hapo ndipo fedha hupotelea.

Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inataka uendelezaji katika eneo la mipango uwe na idhini ya mamlaka ya mipango. Mwombaji hupeleka michoro inayoonyesha banda litakapokaa kiwanjani, pamoja na nakala ya hati au ofa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, ambayo baadhi huitundika ukutani kama ushahidi, si kibali cha ujenzi.

Hatari kubwa iko mbele, upande wa barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30, zikipimwa kutoka katikati ya barabara kila upande. Anayewekewa X ya kijani hutazamia fidia. Mwenye X nyekundu hutakiwa kubomoa mwenyewe. Wakazi wa Kimara walioshuhudia bomoabomoa ya mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kwa wafanyabiashara suala si gari. Banda likishasimama, huzibwa pande tatu, hutiwa mlango wa chuma na kuwa fremu ya duka. Gari hulala nje. Kama hati inasema makazi, hayo ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inayatakia ombi lake.

Kodi ya fremu mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima. Fremu ikivunjwa mwezi wa pili, mwenye nyumba hudaiwa fedha ambazo zimekwisha kuwa mabati na saruji. Mpangaji aliyemlipa mwenzake kilemba ili aipate hana hata wa kumdai.

Anayenunua nyumba yenye fremu aombe kibali kabla ya kutaja bei. Asipoonyeshwa, apige hesabu ya nyumba na kiwanja tu, kodi ya fremu aiache kando.