Kura ya KRU inavyozihusu Kitale, Bungoma na sisi wa Pwani

Kila uchaguzi wa Shirikisho la Raga Kenya (KRU) unapokaribia, mazungumzo huwa ya majina: nani atakuwa mwenyekiti, nani yuko kambi gani. Mimi huanza na swali jingine: je, klabu ya Kitale au Bungoma itamaliza msimu?

Nieleze kwanza jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. KRU, lililoanzishwa mwaka 1970, si mali ya mwenyekiti wala si idara ya serikali. Ni muungano wa klabu. Klabu wanachama ndizo hukutana katika mkutano mkuu, zikasikiliza ripoti ya fedha na kuwachagua mwenyekiti, naibu wake, katibu, mweka hazina na wakurugenzi. Kazi za kila siku huendeshwa na afisa mkuu mtendaji. Juu yao kuna Sheria ya Michezo ya 2013, iliyoleta Msajili wa Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Asiyeridhika ana pa kwenda.

Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri. Tatizo ni barabara. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni karibu kilomita 380. Kikosi cha siku ya mechi ni wachezaji 23, bila kuhesabu makocha. Wanataka basi, chakula na pengine pa kulala, kwa mechi ya dakika 80. Nimewaona wachezaji wa huko magharibi wakichangishana nauli Ijumaa usiku, wa bodaboda akitoa mia mbili, mwalimu akitoa elfu moja.

Nauli isipotimia, wapinzani hupewa ushindi wa mezani. Hayo yakizidi, timu hushuka daraja, wadhamini hukimbia na wachezaji huhama. Na klabu iliyokufa haipigi kura. Wanaobaki kuchagua ni wenye nguvu ya kusafiri, na kiongozi yeyote husikiliza waliomchagua.

Mtu ataniuliza, mbona Kabras Sugar, majirani wa Bungoma kutoka Kakamega, walitwaa Kenya Cup mwaka 2016? Ni kweli, na hongera zao. Lakini nyuma yao kuna kampuni ya sukari. Klabu inayoishi kwa michango ya wanachama haiwezi kupimwa kwa kipimo hicho.

Sisi wa Pwani husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Shujaa walipoilaza Fiji 30-7 na kutwaa taji la Singapore mwaka 2016, tuliona jahazi likielea. Waliposhushwa kutoka msururu wa dunia mwaka 2023, kabla ya kurejea mwaka uliofuata, tuliona kwamba laweza pia kuvuja. Jahazi hilo huundwa katika viwanja vya shule kama Bungoma High. Kijana akimaliza kidato cha nne na mjini kwao hakuna klabu hai, ama ahamie Nairobi ama auache mchezo.

Mombasa tunaijua safari hiyo. Kwenda Nairobi ni karibu kilomita 480. Kwenda Kitale ni zaidi ya 800. Kwa hiyo klabu za Pwani na za magharibi zina hoja moja, na zikienda mkutanoni pamoja zitasikika. Wagombea waulizwe mambo matatu. Je, ratiba itatoka mapema, ili klabu itafute basi kwa bei nafuu? Je, mgawo wa fedha za usafiri utawekwa wazi, kila klabu ijue haki yake? Je, hesabu za shirikisho zitazifikia klabu siku za kutosha kabla ya mkutano, zisomwe na kuulizwa maswali?

Atakayeyajibu hayo matatu kwa maandishi apewe kura, awe wa kambi yoyote.