Maradhi ya Malale na Insafu ya Tiba: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi mbung'o aumavyo, na jinsi kimelea anachokiacha mwilini kinavyokaa kwanza katika damu na tezi, kisha, baada ya miezi na pengine miaka, kikavuka kuingia katika ubongo na kumharibia mtu usingizi wake, akili yake, na hatimaye uhai wake. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko kimelea chenyewe: kwa nini maradhi ambayo asili yake ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1903 yalingoja zaidi ya karne nzima kabla ya kupatiwa dawa ambayo mkulima wa Kongo aweza kuimeza kwa mkono wake mwenyewe. Jawabu letu, ambalo msomaji atalipima kwa akili yake, ni kwamba kilichopungua zaidi si elimu bali insafu. Na kwamba tiba isiyotazama hali ya mgonjwa ni tiba pungufu hata katika upande wake wa kitaalamu.

Na tuanze na usingizi wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu hudhani ya kuwa mgonjwa wa malale hulala mno. Tabibu wa Kifaransa Alain Buguet na wenzake, waliowapima wagonjwa wa Afrika ya Kati na Magharibi kwa nyaya zilizobandikwa kichwani usiku na mchana bila ya kukatiza, walidhihirisha kwamba jumla ya saa za usingizi haizidi sana ya mtu mzima wa afya. Kinachoharibika ni mpango wake. Usingizi hutawanyika, vipande kwa vipande, katika saa zote ishirini na nne, na ule usingizi wa ndoto, ambao kwa kawaida hutanguliwa na usingizi mzito, humjia mgonjwa mara tu afumbapo macho. Kwa hiyo mama husinzia na mchi mkononi adhuhuri, na usiku wa manane huonekana akizunguka uani, hasemi na mtu, au akisema maneno yasiyoeleweka. Na jamaa zake, wasioona homa kali wala kidonda, huhukumu kuwa amepatwa na pepo au amerogwa, wakampeleka kwa mganga. Si haki kuwacheka, kwani dalili walizoziona ni za kweli kabisa, na zahanati iliyo karibu, kama ipo, aghalabu haina hadubini.

Fauka ya hayo, wenyeji wa nchi za mbung'o hawakuwa watu wasiojua kitu. Wafugaji walijua kuwapitisha ng'ombe usiku katika pori la mbung'o, kwa kuwa mdudu huyu hushambulia mchana. Walijua kuchoma nyika kwa majira yake, na kuuweka mpaka kati ya mashamba yao na wanyama wa mwitu. John Ford, aliyefanya kazi ya kuchunguza mbung'o kwa miaka mingi, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba maarifa hayo yalikuwa yakiwalinda watu na mifugo, na kwamba watawala waliyavuruga bila ya kuyafahamu. Sotoka ilipofyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, zikafuatia njaa na vita, mashamba yaligeuka vichaka na wanyama pori wakarudi. Na si muda mrefu baadaye, ukingoni mwa Ziwa Viktoria na katika visiwa vyake upande wa Uganda, malale iliua watu zaidi ya 200,000 kabla ya mwaka 1920.

Ama tiba iliyoletwa, mwanzo wake ulikuwa mchungu. Robert Koch, mwanachuoni mashuhuri wa Kijerumani, alipokwenda visiwa vya Ssese mwaka 1906 alijaribu dawa ya Atoxyl, yenye aseniki, na alipozidisha kipimo baadhi ya wagonjwa walipofuka. Mwaka 1949 ikaingia melasoproli, nayo pia ya aseniki, iliyokuwa na nguvu ya kufika ubongoni. Dawa hiyo ilitaka bomba la sindano la kioo, kwa sababu maji yake huyeyusha plastiki. Ikipita katika mshipa, mgonjwa huhisi kama moto unamtambaa mkononi. Na katika kila wagonjwa mia walioipata, kiasi cha watano waliuawa na dawa yenyewe. Kwa muda wa nusu karne hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la wengi ambao kimelea kilikwisha kuwafika ubongoni, na tabibu aliyeitia alijua ya kuwa huenda akamuua aliyekuja kuponywa.

Lakini haikuwa kwamba hapana nyingine. Eflonithini, iliyobuniwa kwa ajili ya saratani, iliidhinishwa kwa malale mwaka 1990, na iliwarudishia fahamu watu waliokwisha kukatiwa tamaa. Taabu yake ilikuwa kwamba sharti itiririshwe mshipani mara nne kila siku kwa siku kumi na nne, yaani mara 56, jambo gumu katika zahanati isiyo na umeme wala muuguzi wa usiku; na taabu kubwa zaidi ilikuwa kwamba wanunuzi wake ni maskini, basi katika miaka ya 1990 kiwanda kikaacha kuitengeneza. Mwaka 2000 ikatokea tena huko Marekani, lakini kama mafuta ya kupaka yanayozuia nywele za usoni kwa wanawake. Baada ya malalamiko ya Madaktari Wasio na Mipaka na juhudi za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2001 ilipatikana ahadi ya kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Tumelitaja jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa linathibitisha dhahiri kwamba dawa ilijulikana, na njia ya kuitengeneza ilijulikana, na waliokufa katika kipindi hicho hawakufa kwa ujinga wa wataalamu.

Utafiti mwingine ambao twauthamini mno ni ule uliofanywa Kasai, nchini Kongo, na Alain Mpanya na wenzake, ukatangazwa mwaka 2012. Wao hawakwenda kutafuta vimelea. Walikwenda kuwauliza watu kwa nini hukwepa gari la wapimaji linapoingia kijijini. Watu wakajibu: wanaogopa sindano ya uti wa mgongo, hawana fedha, siri zao hazihifadhiwi, na zaidi ya yote, iko miiko inayoandamana na tiba, kwamba aliyetibiwa asifanye kazi ngumu, asikae juani, asile chakula cha moto, wala asimkaribie mwenzake wa ndoa, kwa muda wa miezi sita. Fikiri, ewe msomaji, hali ya mtu ambaye nyumba yake yote hula kwa jembe lake! Kwake yeye kupimwa ni kuhatarisha mavuno ya msimu mzima na amani ya ndoa yake. Bila ya kuyasikia maneno haya, mpimaji angemwandika mtu huyo kuwa mkaidi; akiyasikia, atatambua kwamba wa kurekebishwa ni mwenye kutoa tiba.

Na kwa hakika marekebisho yalikuja. Feksinidazoli, dawa iliyowahi kuanzwa kisha ikaachwa, ilifukuliwa mwaka 2005 na DNDi, taasisi inayotafuta dawa za maradhi yaliyopuuzwa. Dakta Victor Kande wa Kongo akaongoza majaribio yake katika nchi yake na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa wagonjwa 394, mahali ambapo barabara ni matope na umeme ni wa jenereta. Mwaka 2018 ikaidhinishwa. Mtu mzima humeza vidonge vitatu kila siku kwa siku nne, kisha viwili kwa siku sita, jumla 24. Sharti lake kubwa ni moja: vimezwe tumbo likiwa limeshiba, maana bila chakula dawa haiingii mwilini ipasavyo. Kwa hiyo anayegawa vidonge hivi lazima aulize pia kama jikoni kuna kitu. Na iwapo hakuna, chakula ni sehemu ya dawa, si sadaka. Dawa nyingine ya vidonge, akoziboroli, ambayo humezwa mara moja tu, ilifanyiwa majaribio Kongo na Guinea, na matokeo yake yaliyotangazwa mwaka 2022 yanatia moyo.

Wagonjwa walioripotiwa mwaka 1998 walikaribia 40,000. Mwaka 2018 hawakufika 1,000. Hapa ndipo hatari inapojificha, kwa kuwa maradhi yakipungua fedha nazo hupungua, na muuguzi kijana huwa hajapata kumwona hata mgonjwa mmoja. Ndiyo maana twasema waganga wa kienyeji wasiachwe nje. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwahesabu miongoni mwa watumishi wa afya ya msingi, na katika malale wao aghalabu ndio wa kwanza kuletewa mgonjwa. Hapana mti shamba uliothibitishwa kuwa waponya malale, na anayeahidi hivyo anampotezea mgonjwa wakati alio nao. Walakini mganga aliyefundishwa kupapasa tezi za nyuma ya shingo, na kuuliza habari za usingizi wa mchana na kukesha kwa usiku, kisha akampeleka mtu zahanati bila ya kuvunjiwa heshima, atakuwa ameokoa roho ambayo daktari wa mjini hangeiona kamwe.

Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaitazama malale ya upande wetu wa mashariki, ile ya mbuga za Serengeti na misitu ya Kigoma, ambayo huua kwa haraka zaidi na hujificha katika wanyama. Na tutauliza wizara zetu zimejiandaa namna gani kuwahudumia wawindaji, warina asali na wachunga mifugo waishio humo, kwa bidii ile ile ambayo mtalii mgeni huipata akiugua safarini.