Kriketi: Kipande cha msasa kilichoangusha kapiteni wa Australia

Kipande kidogo cha karatasi ya msasa, ile ambayo maseremala husugulia mbao, kilitosha kuondoa kapiteni, kapiteni msaidizi na kocha wa timu ya taifa ya Australia kwa juma moja tu. Ilikuwa Cape Town, Afrika ya Kusini, mwezi wa tatu mwaka 2018. Miaka imepita, lakini katika ulimwengu wa kriketi kesi hiyo ingali inatajwa kila mara watu wanapouliza: kijana akitumwa na wakubwa wake kufanya udanganyifu, nani anapaswa kulipa?

Mpira wenye pande mbili

Mashariki mwa Kongo, ambako kabumbu ndiyo inatawala, wengi hawaujui mchezo wa kriketi. Kila timu ina wachezaji 11. Mrushaji anatupa mpira kwa nguvu, na mpigaji anaupiga kwa ubao, kisha anakimbia ili kupata alama zinazoitwa mikimbio. Mechi ndefu kati ya mataifa, inayoitwa Test, inaweza kuchukua siku 5.

Mpira wa kriketi ni mgumu, umefunikwa kwa ngozi iliyoshonwa, na una uzito wa karibu gramu 160. Mpira huohuo mmoja hutumika kwa masaa mengi. Wachezaji wanaruhusiwa kusugua upande mmoja kwenye nguo zao ili ung’ae, huku upande wa pili ukichakaa wenyewe kwa kugonga chini. Tofauti hiyo ya pande mbili inafanya hewa ipite kwa namna mbalimbali, na mpira unapinda njiani. Mpigaji anashindwa kujua utafika wapi.

Kinachokatazwa ni kuuharibu mpira makusudi: kuukwaruza kwa kucha, kwa kizibo cha chupa, kwa zipu ya suruali au kwa kitu kingine chochote. Hapo ndipo Australia ilikosea.

Kamera zaona kitu cha manjano

Siku ya posho tarehe 24 mwezi wa tatu, katika uwanja wa Newlands, ilikuwa siku ya tatu ya mechi ya tatu kati ya Australia na Afrika ya Kusini. Kila timu ilikuwa imekwisha kushinda mechi moja. Afrika ya Kusini ilikuwa inaongoza, na warushaji wa Australia walikuwa wanatafuta njia ya kurudi mchezoni.

Kamera za televisheni zilimnasa Cameron Bancroft, kijana wa miaka 25 aliyekuwa anacheza Test yake ya nane, akishika kitu kidogo cha rangi ya manjano na kusugua nacho mpira. Picha zilipoonyeshwa kwenye skrini kubwa ya uwanja, Bancroft alikificha kitu hicho ndani ya suruali. Waamuzi walipomfuata kumuuliza, aliwaonyesha kitambaa cheusi cha kufutia miwani.

Jioni, Bancroft na kapiteni wake Steve Smith waliketi mbele ya waandishi habari. Walikubali kwamba walijaribu kubadilisha hali ya mpira, na Smith alisema viongozi wa timu walijua mpango huo. Lakini Bancroft alieleza kwamba kitu kile kilikuwa utepe wa kunata uliopakwa udongo. Siku chache baadaye, uchunguzi wa shirikisho la kriketi la Australia ulionyesha kwamba kilikuwa msasa. Basi hata katika kuungama, ukweli ulikuwa nusu.

Azabu ndogo, hasira kubwa

Baraza la kimataifa la kriketi, ICC, lilifuata sheria zake za wakati ule. Smith alifungiwa mechi moja na kunyimwa malipo yake yote ya mechi ile. Bancroft alikatwa asilimia 75 ya malipo yake. Kwa sheria ya kimataifa, kesi ilikuwa imekwisha hapo.

Lakini Australia haikukubali ikwishe hivyo. Waziri wa kwanza Malcolm Turnbull alijitokeza waziwazi kueleza mshangao wake. Siku ya Mungu, kabla mechi haijaendelea, Smith na msaidizi wake David Warner waliachishwa uongozi, na mlinda wiketi Tim Paine akapewa timu kwa siku zilizobaki. Jioni hiyohiyo Australia ilianguka kwa mikimbio 107 tu katika zamu yake ya mwisho, na kushindwa kwa tofauti ya mikimbio 322.

Tarehe 28, shirikisho la Australia lilitoa azabu yake: Smith na Warner miezi 12 kila mmoja, Bancroft miezi 9. Smith alikatazwa kupewa uongozi kwa mwaka mwingine mmoja baada ya kurudi. Warner aliambiwa hatakuwa kiongozi tena maisha yake yote. Kesho yake Smith alilia mbele ya kamera katika uwanja wa ndege wa Sydney, baba yake akiwa amesimama nyuma na mkono begani mwake. Kocha Darren Lehmann, ambaye uchunguzi haukumkuta na kosa katika mpango huo, alitangaza kujiuzulu.

Kwa nini hasira kubwa namna hiyo? Kukwaruza mpira hakukuanza Cape Town. Hata kapiteni wa Afrika ya Kusini siku ile, Faf du Plessis, alikuwa amekwisha kupatikana na kosa la aina hiyo mara mbili: mwaka 2013 kwa kusugua mpira kwenye zipu, na mwaka 2016 kwa kuupaka mate yenye peremende. Mara zote mbili alilipa faini na kuendelea kucheza.

Tofauti inaonekana katika mashtaka yenyewe. Warner alihukumiwa kwa kutunga mpango, kumwagiza mchezaji mdogo autekeleze, na kumwonyesha namna ya kufanya. Smith alihukumiwa kwa kujua na kutozuia, kisha kuelekeza ushahidi ufichwe. Kilichowauma Waaustralia zaidi ya mpira wenyewe ni wakubwa kupanga udanganyifu katika chumba cha mapumziko, kumtuma kijana mgeni, na kudanganya alipokamatwa.

Sheria na roho ya mchezo

Tangu mwaka 2000, kitabu cha sheria za kriketi kinaanza na maneno kuhusu roho ya mchezo, na kinasema wazi kwamba makapiteni ndio wenye jukumu kubwa la kulinda uchezaji wa haki. Kuna sababu ya kuandika hivyo, na Australia inaikumbuka vizuri.

Tarehe 1 mwezi wa pili mwaka 1981, mjini Melbourne, New Zealand ilihitaji mikimbio 6 kwa mpira mmoja wa mwisho ili kwenda sare na Australia. Kapiteni Greg Chappell alimwamuru mdogo wake, Trevor Chappell, asitupe mpira kwa kawaida bali auviringishe chini ardhini, ili mpigaji asiweze kuuinua. Trevor alitii. Sheria ya siku ile haikukataza, na Australia ilishinda. Lakini watazamaji walizomea, viongozi wa inchi zote mbili walilaani, na baadaye mtindo huo ulipigwa marufuku.

Kati ya Melbourne na Cape Town kuna miaka 37, lakini mambo yanafanana: mkubwa anatoa wazo, mdogo anatenda, na jina la mdogo ndilo linabaki midomoni mwa watu.

Mwisho wa mwaka 2018, katika mahojiano ya televisheni, Bancroft alieleza kwamba Warner ndiye aliyempa wazo lile, na kwamba alilikubali kwa sababu alitamani kukubaliwa na wenzake. Smith, kwa upande wake, alikiri kwamba alipita karibu na mazungumzo yale, akapata nafasi ya kuyazuia, lakini akasema hataki kujua. Ripoti huru iliyoagizwa na shirikisho ilikuwa imekwisha kutoka mwezi wa kumi, nayo ililaumu pia wakubwa wa juu: ilisema utamaduni wa kutaka kushinda bila kuhesabu gharama ulitoka ofisini, siyo uwanjani peke yake. Mwenyekiti wa shirikisho, David Peever, alijiuzulu muda mfupi baadaye. ICC nayo ilikuwa imeongeza azabu ya kuharibu mpira: sasa mchezaji anaweza kufungiwa hadi mechi 6 za Test.

Mkono wa mpinzani

Smith na Warner walirudi kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2019 nchini Uingereza. Tarehe 9 mwezi wa sita, katika uwanja wa The Oval mjini London, mashabiki wa India walimzomea Smith alipokuwa amesimama karibu na mpaka wa uwanja. Kapiteni wa India, Virat Kohli, aliyekuwa anapiga, aliwageukia mashabiki wake mwenyewe na kuwaonyesha kwa mikono wampigie makofi badala ya kumzomea. Kiisha alisema aliwaombea msamaha, kwa sababu Smith alikuwa amekwisha kulipa kosa lake. ICC ilimpa Kohli tuzo ya roho ya kriketi ya mwaka huo. Huyo naye alikuwa kapiteni, na mbele ya watu wake alitumia ukubwa wake kwa njia nyingine.

Hata hivyo hesabu haikulingana kwa wote. Smith alipiga zaidi ya mikimbio 100 katika kila zamu ya Test yake ya kwanza ya kurudi, mjini Birmingham, na mwaka 2021 aliongoza tena timu ya taifa mjini Adelaide kama kapiteni wa muda. Warner alicheza hadi alipostaafu, na mwezi wa kumi mwaka 2024 azabu yake ya maisha ilifutwa. Bancroft, mwenye azabu fupi kuliko wote, alichezeshwa Test mbili tu katika mwaka 2019. Hadi mwisho wa mwaka 2024, hakuwa amevaa tena kofia ya Australia katika mechi ya Test.